Mto Kiwira na Maji Yaliyosalia



Mwezi huu twawaomba mfungue Kitabu cha nabii Ezekieli, sura ya 34, mkasome tangu mstari wa 17 hata wa 22, kabla hamjaendelea na maneno yetu. Someni polepole, naye ajuaye kusoma awasomee waliomo nyumbani. Sura hii twaijua sana kwa ajili ya mwanzo wake, pale Mungu anapowakemea wachungaji waliojilisha wenyewe wakaliacha kundi. Lakini katikati ya sura neno lageuka. Mungu awaacha wachungaji, awaelekea kondoo. Maana kati ya kondoo wenyewe wamo wanono, na wamo waliokonda. Na wale wanono Mungu awauliza kama haikuwatosha kunywa maji safi, hata wayatibue kwa miguu yao yale yaliyobaki, wenzao wakanywe tope.

Tumelichukua neno hili kwa sababu ya safari yetu. Mwezi wa Aprili mwaka uliopita tuliufuata Mto Kiwira kutoka juu hata ziwani, mahali pengine kwa miguu, mahali pengine kwa gari, maana kuna magenge ambayo mtu hawezi kuyapita kando ya maji. Twataka kwanza kueleza habari za mto huu na njia yake. Mtu asiyejua maji yake yatoka wapi na yaenda wapi, neno la Ezekieli atalisikia kuwa ni habari ya kondoo wa Israeli tu.

Mlima Rungwe una kimo cha mita 2,960 hivi juu ya bahari. Ziwa Nyasa li mita 475 hivi tu. Na kutoka kilele hata ufuko wa ziwa, kwa mstari ulionyoka, umbali haufiki kilomita 60. Basi maji ya mlima hushuka karibu mita 2,500 kwa njia fupi namna hiyo. Ndiyo sababu mito yetu ina haraka, ndiyo sababu twaisikia usiku tukiwa vitandani, na ndiyo sababu hubeba mawe na udongo ambao mito ya nchi tambarare isingeweza kuubeba.

Mvua yenyewe twaipata kwa ziwa. Upepo wenye unyevu hutoka Nyasa, hupanda, hukutana na mlima, hupoa, na kumwaga maji yake. Kuna mahali katika pande za kusini na mashariki za Rungwe panapopata karibu milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, na katika Tanzania nzima ni mahali pachache panapopata mvua kama hiyo. Upande wa kaskazini, nyuma ya mlima, mvua ni pungufu sana. Wazee wetu wa kale walijua ya kuwa mvua si ya mtu mmoja. Watawala wa nchi nyingi walipeleka sadaka zao Lubaga kwa Lwembe, kwa kuwa wote walikuwa chini ya mawingu yale yale. Sisi tuliitwa tuiache sadaka ile. Hatukuitwa tuuache ujuzi ule.

Mvua ikinyesha mlimani haishuki yote siku ile. Msitu huipokea kwanza kwa majani, kisha kwa takataka za majani zilizolala chini, kisha kwa udongo. Na udongo wetu ni wa namna ya peke yake, maana milima hii ilikuwa milima ya moto. Majivu yake na mawe yake yenye vitundu hunywa maji kama sifongo, yakayaweka ndani, yakayatoa polepole katika chemchemi. Mwezi wa Septemba, mvua ikiwa imekatika na mbingu kuwa nyeupe, Kiwira bado ina maji. Maji hayo ni ya mvua ya miezi iliyopita, yaliyotunzwa. Msitu wa Rungwe uliwekwa kuwa hifadhi mwaka 1949, na mwaka 2009 ukafanywa hifadhi ya asili yenye ulinzi mkali zaidi. Humo ndimo mwaka 2003 wataalamu walimotambua tumbili aitwaye kipunji, ambaye hakuwa ameandikwa katika kitabu cho chote cha elimu. Ingawa wawindaji wa huko walimjua siku zote, wakamtaja kwa jina lake walipoulizwa.

Kiwira hukusanya maji yake katika nchi ya juu iliyo kati ya Rungwe na milima ya Uporoto. Huko tuliona jambo la kustaajabisha, nalo halionekani kwa macho mpaka mtu aelezwe. Safu ya Uporoto ni kama mgongo wa paa la nyumba. Tone la mvua likianguka upande huu laingia Kiwira, laenda Nyasa, latoka Nyasa kwa Mto Shire, laingia Zambezi, na kufika bahari ya Hindi katika Msumbiji. Tone lililoanguka hatua chache upande wa pili laenda Usangu, laingia Ruaha Mkuu, kisha Rufiji, na kufika bahari hiyo hiyo mbali sana upande wa kaskazini. Na matone mengine ya milima hiyo hufuata njia ya magharibi yakaishia Ziwa Rukwa, lisilo na mlango wa kutokea.

Jirani ya hapo ndipo lilipo Ziwa Ngozi, katika shimo la mlima wa moto wa zamani, limezungukwa na kuta za msitu pande zote. Ni zuri mno, na wageni hupanda kulitazama. Halina kijito kinachoonekana kikitoka. Hatulilaumu, maana ndivyo lilivyoumbwa. Lakini hapana mtu chini anayemngojea Ngozi na mtungi kichwani.

Kutoka huko juu Kiwira huzunguka upande wa magharibi wa mlima, hupita mji mdogo uitwao kwa jina lake, penye barabara kuu iendayo Mbeya, kisha huingia katika magenge. Hapo ndipo palipo Daraja la Mungu. Zamani za kale mawe yaliyoyeyuka kwa moto yalimwagika, yakapoa, yakawa mwamba. Mto ukatafuta njia, ukaukata mwamba kwa chini, ukaacha tao la jiwe juu yake. Watu hupita juu kama wapitavyo juu ya daraja lililojengwa na mafundi. Si mbali na hapo pana Kijungu, mahali ambapo mto wote, mpana kama tulivyouona, waingia katika tundu la mwamba lililo kama chungu, wazunguka humo kwa ghadhabu, na kutokea tena mbele. Tulikaa hapo kitambo. Mmoja wetu alitupa kijiti, tukangoja kukiona kikitoka, wala hatukukiona.

Baada ya magenge nchi yabadilika kwa upesi. Viazi na baridi twaviacha nyuma. Huja chai na migomba, tena kahawa. Na mtu akizidi kushuka avua koti, maana joto la ziwa lampanda usoni. Kisha huja mikakao, na mwisho mashamba ya mpunga ya Kyela, yaliyo bapa kama meza. Hapo mto wapoteza haraka yake yote. Na mto ukipoteza haraka hauwezi tena kuchukua mzigo, wautua. Uwanda wa Kyela ni mizigo iliyotuliwa na Kiwira, na Mbaka, na Lufilyo, na Songwe, tangu zamani tusizoweza kuzihesabu. Mchele wa Kyela, ambao watu wa Dar es Salaam huutaja kwa jina na kuununua ghali, umeota katika udongo uliosafiri kutoka milima yetu na ya jirani zetu. Kwa hiyo hatusemi ya kuwa udongo ushukao ni balaa. Mungu aliupanga ushuke. Lakini alipanga ushuke polepole, kwa kiasi, ukipita kwanza katika mikono ya msitu na matete.

Sasa haushuki hivyo. Msimu wa masika mito huleta mchanga mwingi kwa mara moja, kina chake chajaa, maji yakosa njia, yatapakaa. Kyela hufurika mara kwa mara, na mwaka wa mvua nyingi nyumba na mpunga huenda pamoja. Huko Itungi, penye bandari, wajua jinsi mchanga wa mito unavyojaza mahali pa meli kuelea. Na maji ya mafuriko yakiisha kupita katika vyoo, magonjwa hufuata. Kipindupindu kimeingia Kyela zaidi ya mara moja.

Twaomba ruhusa ya kusema neno moja la historia, nalo lahusu njia hii hii ya maji. Mwaka 1891 walikuja wamisionari wa kwanza katika nchi hii, Wamoravian wakapanga Rungwe, na ndugu wa Misioni ya Berlin, pamoja na Alexander Merensky, wakashika upande wa mashariki ambako baadaye palikuwa na Manow na Mwakaleli. Hawakuja kwa barabara ya Mbeya. Waliingia kutoka bahari ya Hindi kwa Zambezi, wakapanda Shire, wakashuka na kutembea kwa miguu penye maporomoko, wakavuka Nyasa kwa chombo, wakafika kwenye uwanda, na kutoka uwandani wakapanda milimani. Yaani Injili ilikuja kwetu kwa njia ya maji yetu wenyewe, ila kwa kinyume chake. Waliotupokelea wageni wale kwanza ni watu wa chini. Sisi wa juu twapenda kuhesabu ya kuwa tu wa kwanza, kwa kuwa makanisa makubwa ya kale yako kwetu. Lakini mlango ulikuwa kwao.

Basi katika uwanda huo tulilala nyumbani kwa bibi mmoja mjane, Mkristo, mwenye umri mkubwa. Kisima cha pampu cha kijiji kile kilikuwa kimeharibika, nao walikuwa wakiteka maji mtoni. Tulipofika tulikuwa na kiu, na mmoja wetu akanyosha mkono kwenye mtungi uliokuwa mlangoni.

Akasema, "Ngoja, Baba Mchungaji. Hayo hayajatulia."

"Yatatulia lini, Bibi?"

"Kesho asubuhi. Mpaka Rungwe ilale chini."

Akatuletea maji ya mtungi mwingine, ya jana, yaliyochemshwa. Kisha alitumimina mbele yetu masalio ya mtungi ule mtupu, tukaona matope mekundu chini yake, unene wa vidole viwili. Hakutuonyesha kwa hasira. Alikuwa akisafisha chombo chake tu. Akauliza habari za huko juu, za mvua, za wagonjwa, za watoto. Akauliza, "Mwaka huu mmelima nini?"

Tukajibu, "Viazi, Bibi."

Akasema, "Ndiyo. Tumeviona."

Hatukumjibu. Tulielewa baadaye, tulipotembea kandoni mwa mto, tukaona katika matete, pamoja na mabua na vijiti, pakiti za dawa ya kupulizia viazi, zile zile ambazo mafundi wa kilimo wa kwetu huziuza dukani.

Ndugu wapendwa, tungeweza kuyasimulia haya kama watu waliosikitishwa na makosa ya wengine. Lakini sharti tuseme kweli. Usharika tunaoutumikia, hatuutaji jina, una shamba la viazi kandoni mwa kijito kiingiacho Kiwira. Ni shamba la Kanisa. Shamba hilo limetupatia mabati, limetupatia ada ya watoto yatima, limetupatia mafuta ya pikipiki ya mwinjilisti. Matuta yake ya mwisho yagusa maji. Matete yaliyokuwapo tuliyafyeka wenyewe, kwa siku moja, vijana na kina mama pamoja, na tuliimba. Juu ya chemchemi tulipanda milingoti, ili tuuze nguzo, nayo ni miti inywayo maji mengi. Na mabomba ya kupulizia dawa twayasuuza kijitoni, kwa kuwa ndiyo maji yaliyo karibu. Mwaka huo huo, katika Sikukuu ya Mavuno, viazi vya shamba hilo viliwekwa mbele ya altare katika makapu, nasi tuliviombea. Hapana mtu aliyeona kosa. Sisi hatukuliona.

Kwa hiyo turudi kwa Ezekieli, maana yeye aona asilosema mtu.

Angalieni kwanza ya kuwa Mungu hasemi maji si ya kondoo wanono. Wala hasemi wametenda dhambi kwa kunywa. Waliumbwa wanywe. Wala hawashitaki ya kuwa walikusudia kuwatesa wenzao. Kondoo hawezi kukusudia hivyo. Kosa lao ni la miguu. Walikunywa, wakashiba, na walipokwisha kushiba wakaingia majini kwa miguu, kwa sababu hawakuwa na haja nayo tena. Hii ni dhambi ya mtu aliyekwisha kupata haja yake. Mwizi ajificha, kwa kuwa ajua ya kuwa atenda uovu. Mtu aliyeshiba hutibua maji mchana, akiimba.

Tena liangalieni neno "yaliyosalia." Ni neno la kondoo mnono. Kwake yeye, maji yapitayo baada ya kunywa kwake ni masalio. Kwa yule wa chini si masalio; ndiyo maji yote aliyo nayo. Yule bibi wa Kyela hakupewa mto mwingine. Mungu hakuumba Kiwira ya watu wa juu na Kiwira ya watu wa chini.

Na jambo la tatu latutia hofu zaidi. Katika sura hii Mungu asema atahukumu kati ya kondoo na kondoo. Mbwa-mwitu hawatajwi katika mistari hii. Simba hayumo. Wote wanaohukumiwa ni wa kundi moja, walikunywa mahali pamoja, na mchungaji wao ni mmoja. Sisi na watu wa Kyela twaungama imani moja, twakula Chakula cha Bwana katika Kanisa moja. Mtu akidhani ya kuwa ushirika huo wamfunika, na asome tena.

Katekisimo Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529, wengi wenu mmejifunza kwa moyo. Kumbukeni jinsi anavyoieleza amri ya tano na ya saba. Haishii penye kukataza. Katika amri ya tano atudai tumsaidie jirani katika kila shida ya mwili wake. Katika amri ya saba atudai tumsaidie kuilinda na kuiongeza mali yake. Basi mpunga wa jirani uliofunikwa na mchanga wetu, je, tumeulinda? Mwili wa mtoto aliyekunywa maji yetu, je, tumeusaidia? Twajua kuzijibu amri hizi katika darasa la kipaimara. Mtoni tulizisahau.

Wako watakaosema, "Wachungaji wasema haya kwa kuwa wana mshahara, mkulima ale nini?" Neno hili ni zito, wala hatulipuuzi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mtu mwenye robo eka tu, nayo yote iko kandoni mwa kijito, akiziacha mita 60 hana shamba tena. Hatutasimama mimbarani kumwita mtu huyo kondoo mnono. Nchi yetu imejaa watu, na mashamba yamegawanywa baba kwa mwana mpaka yamekuwa vipande. Mzigo wa maskini sharti utafutiwe njia nyingine, na wenye mamlaka washauriane naye kabla ya kumfukuza. Lakini Kanisa si mtu wa robo eka. Mwenye eka kumi si mtu wa robo eka. Ezekieli aanza na walionona, na sisi tuanze hapo.

Kwenu ninyi wainjilisti na walimu twaongeza neno dogo, maana mto huu si wa maji tu. Ninyi mwanywa Neno kwanza. Mwasoma kabla ya wengine, mwaelewa kabla ya wengine, na wasikilizaji wenu hupata lile lililopita katika ninyi. Mtu asiyejua kusoma, aliyetembea masaa mawili kuja ibadani, hana chemchemi nyingine Jumapili ile. Ukiingiza miguu yako humo, yaani ugomvi wako na mzee fulani, au habari ya sadaka usiyopewa, au hasira ya nyumbani, yeye atakunywa hayo na kudhani ndilo Neno. Nasi twajua twasema nini, maana tumepata kuhubiri hivyo.

Tuliporudi kutoka Kyela tulilileta jambo la shamba katika baraza la wazee. Hatukupatana siku ile wala mara ya pili. Mzee mmoja, mtu mwaminifu tunayemheshimu, aliyesimamia shamba hilo tangu lilipoanzishwa, alisimama akasema, "Baba Mchungaji, mita 60 ni karibu nusu ya shamba. Mabati ya upande wa kushoto bado. Bibi huyo wa Kyela atatupa mabati?" Hakuna aliyecheka. Mtunza hazina alisoma hesabu, na hesabu zilikuwa upande wa mzee. Mara ya tatu tuliisoma sura ya 34 kwa sauti, mistari ile sita, bila kuieleza, tukakaa kimya. Kisha tukapiga kura. Wengi walikubali kuirudisha ardhi ya kandoni kwa mto. Wachache walikataa, nasi twawaheshimu, kwa maana walisema wazi mbele ya wote.

Tumekubaliana hivi. Mabomba ya dawa yatasuuzwa shambani, mbali na maji, na pakiti zote zitakusanywa mahali pamoja zisitupwe kijitoni. Milingoti ya penye chemchemi itakatwa ikikomaa, wala haitapandwa tena hapo. Kandoni patapandwa mivengi na mianzi, na matete yataachwa yaote yenyewe, maana hayo hayahitaji kuhimizwa. Sharika za mito ya mashariki, za Mbaka na Lufilyo, zilizo na mashamba ya namna hii, twaziomba zituandikie zinavyofanya, ili tujifunze. Na mwezi wa Aprili ujao, Mungu akipenda, vijana wa kipaimara watashuka pamoja nasi kwa siku tatu, walale katika nyumba za uwandani, wanywe maji ya mtungi. Wenye nafasi katika sharika nyingine wakitaka kufuatana nasi, wakaribie.

Siku ya kupima mpaka ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua. Tulikuwa na kamba ya katani iliyopimwa mita 60. Yule mzee aliyepinga alikuja, ingawa hatukumtuma mtu kumwita. Alikishika kichwa cha kamba cha upande wa shamba, kijana mmoja akakishika cha ukingoni mwa maji, na mzee akarudi kinyumenyume akipita katikati ya matuta yake, mpaka kamba ilipokwisha. Akasimama. Kigingi kilikuwa tayari mkononi mwa mwenzetu, apige nyundo. Mzee akaitazama kamba, akaona imelegea katikati na kulala juu ya majani ya viazi. Akasema, "Ngojeni," akarudi nyuma hatua nyingine mbili, akaivuta mpaka ikanyoka.